Usiku wa Mvua ya Mawe, Elburgon

Redioni walisema: hitilafu ya mitambo.
Hitilafu. Neno lililovaa glavu.

Mimi nilikuwa na vifaranga mia mbili na arobaini
chini ya balbu moja nyekundu,
na mvua ya mawe ikigonga mabati
kama mtu aliyefuata deni lake.
Saa tano kasorobo balbu ikakonyeza,
ikakonyeza tena,
basi.

Asubuhi Kibungei akapanda nguzo kwa viatu vya chuma,
pumzi ikimtoka moshi, barafu bado imelala mitaroni.
Nikamuuliza, ni mawe?
Mawe yalimalizia tu, mama.

Nguzo hii imeoza kifundo cha mguu:
nje lami, ndani unga.
Mafuta ya transfoma yalinyonywa tangu Machi,
yakauzwa kwa vibaba, usiniulize wapi.
Na baridi ya jana ilifanya kila nyumba
ichemshe maji saa moja ile ile.
Halafu huu mkaratusi ulioangukia waya,
nani alikataza usikatwe?

Nikatazama gamboti zangu.
Walikuja mara mbili na msumeno.
Nilisema nasubiri bei ya mbao ipande.

Vifaranga mia moja na tisini, shimo moja.
Hamsini wako jikoni ndani ya karai, kando ya makaa,
wanalia kwa zamu.

Stima ilirudi Alhamisi alasiri, jua kali.
Balbu ikawaka juu ya maranda matupu.
Niliizima,
nikaenda kwa Gathogo kuazima shoka.