Shaba ya Degelen

Kaka yangu Toktar alikuwa mwizi,
niseme wazi kabla hamjaniuliza.
Aliuibia mlima.
Mwaka ule mgodi ulipoacha kulipa mishahara
na walinzi wa Degelen wakashuka na virago vyao,
wakaacha geti wazi, mbwa wawili, na kibao chenye fuvu,
yeye alipanda na farasi, shoka, na kamba ya baba.

Mlima ule una mahandaki marefu kama koo.
Wakubwa walilipua vitu vyao humo
tangu mama yetu akiwa msichana.
Vikombe vilicheza kabatini, akavishika,
akaambiwa ni tetemeko, akarudi kukanda unga.

Waya ulitandazwa humo, unene wa kifundo cha mkono.
Shaba tupu, ukishauchuna ngozi.
Toktar aliuvuta kwa farasi,
akauchoma usiku, moshi ukamkaa kifuani,
akamuuzia mnunuzi wa mpakani
aliyepimia mizani ya matikiti.
Tulikula. Sitaki kusema uongo, tulikula vizuri,
nikapata viatu vya baridi vyenye manyoya ndani.

Ndipo wakaja wale watu.
Nyumba yetu ndiyo ya mwisho yenye jiko kabla ya mlima.
Mataifa matatu, meza moja, chai ya maziwa.
Wa kwanza alikuwa na ramani isiyo na alama.
Wa pili alikuwa na alama zote, lakini kichwani,
na kichwa chake kilikuwa mali ya serikali yake.
Wa tatu, Dakta Sabyr wetu, alitafsiri,
na pale walipotukanana
alitafsiri nusu.

Nilikuwa namimina. Nilisikia.
Kwamba si yote iliyolipuliwa iliungua.
Kwamba plutoni imebaki humo, imegandamana na mwamba,
ya kutosha... hapo mgeni alinyamaza,
akakunja ngumi kutuonyesha ukubwa wa kitu
kinachotosha mji mmoja. Mji upi, hakutaja.
Ngumi ile ilikaa mezani, kando ya bakuli la siagi.

Hawakumhofia Toktar.
Walimhofia mtu atakayefuata nyayo za Toktar
akijua anachokitafuta.

Miaka minne kaka yangu alipita kando ya hicho kitu,
akakiruka kama jiwe,
akachukua waya.
Ujinga wake ndio uliokuwa kufuli.

Wakamwita. Alidhani anakamatwa, akavaa koti safi.
Wakamwomba awaonyeshe njia.
Sahihi zilishatiwa huko mbali, kwenye ukumbi wa bendera,
lakini mkataba haujui ni jiwe lipi limelegea.
Mwizi anajua.
Kidole chenye kucha iliyopasuka kikatembea juu ya karatasi:
hapa, na hapa, hapa lazima mtambae,
hapa nilisikia maji, nikarudi.
Yule wa alama za kichwani akatazama sana.
Kisha, bila ruhusa ya mtu,
akaitikia kwa kichwa. Mara moja tu.

Miaka ikaenda na malori ya zege.
Wakauziba mlima kinywa baada ya kinywa,
zege lenye unga wa chuma,
ili atakayechimba achoke kabla hajafika.
Toktar aliendesha lori la saba.
Alilipwa kila mwezi, kwa risiti.
Alikohoa kila mwezi pia.

Siku ya mwisho tulichinja kondoo. Hakuna aliyetangaza.
Dakta akasema, kazi hii ikifaulu
hakuna atakayejua kama ilifanywa.
Toktar akacheka: "Hata wizi ni hivyo hivyo."

Sasa amelala makaburini, upande unaoutazama mlima.
Binti yake Kunsulu ana bangili
aliyomsokotea kwa shaba ya safari ya kwanza.
Dakta akija kutusalimia
huja na ule mtambo wake mdogo unaolia,
huuweka juu ya friji, karibu na mkate.
Huitazama bangili.
Hunitazama mimi.
Namimina chai.