Nukta Nne

Hapa Newala maji tunayajua kwa bei.
Ndoo moja ina mwenyewe, ina foleni, ina ugomvi wake.
Kwa hiyo usinicheke nikikwambia
nilibana pumzi alfajiri ile
nikivuta maji ya sindano, mililita mbili nukta moja,
yasizidi tone,
yasipungue tone.

Kichupani mna unga mweupe, miligramu mia tano,
umejikunyata chini kama chumvi iliyosahauliwa.
Maji yakaingia. Nikatikisa, nikangoja,
hadi unga ukakubali.
Nikapima kilichomo: mbili na nusu.

Imeingia mbili nukta moja, imetoka mbili na nusu.
Nukta nne hizi ni za nani?

Mwaka wa kwanza chuoni nilimuuliza Sista Eusebia,
naye, huku akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake,
akajibu: Unga nao una mwili, mwanangu.
Ukiusahau kwenye hesabu
utamdhulumu mtoto.

Mimi nimekulia kwenye korosho.
Nimemwona baba akimimina mbele ya mnunuzi wa kangomba,
bakuli limegongwa nyundo kitakoni hadi likaota tumbo,
linameza kilo na robo, linaitwa kilo.
Kwetu kipimo ni kitu kinachopunguza.
Sikuwahi kuona kipimo
kinachorudisha zaidi ya ulichokipa.

Mtoto alikuwa na siku tano, hajapewa jina,
mwili moto kama figa.
Mzani ukasema kilo mbili nukta nne.
Nikaandika nyuma ya kiganja, daftari lilikuwa mbali:
hamsini mara mbili nukta nne, mia na ishirini.
Mia tano ndani ya mbili na nusu, kila mililita ina mia mbili.
Mia na ishirini kwa mia mbili.
Nukta sita.
Nikafuta kwa mate, nikaanza upya kama vile sijui jibu.
Nukta sita.
Alama ndogo hivi. Ikihama nafasi moja, ni jembe na sanda.

Bibi yake, Somoe Nantumbo, alisimama nyuma yangu,
kitenge chekundu kwa vumbi la njia.
Akalitazama bomba. Akanitazama mimi.
"Ndiyo hiyo tu?"
"Ndiyo hiyo, bibi."
"Tumetembea tangu jogoo wa kwanza kwa hiyo tu?
Na hicho kilichobaki kichupani
unampelekea nani?"

Sikukasirika. Swali hilo nalijua;
lilikuwa likija nyumbani kwetu kila msimu,
likikaa mkekani, likila nasi ugali wa muhogo.

Nikamvuta karibu na taa ya sola.
Nikamwonyesha mistari, mirefu na mifupi,
na povu la hewa lililojificha shingoni mwa bomba,
tupu kabisa, ila limekalia nafasi
kama jiwe ndani ya gunia.
Nikaligonga kwa ukucha. Likapanda. Nikalisukuma nje.
Dawa ikapungua mstari mmoja, akaona;
nikarudi kichupani kuufidia, akaona.
"Sasa hesabu wewe," nikamwambia.

Akahesabu kwa Kimakonde,
ukucha wenye weusi wa mafuta ya korosho ukipanda juu ya plastiki,
akapotea kwenye wa nne, akarudi mwanzo,
akafika wa sita.
Akanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta hila
na kukosa pa kuishika.
"Haya. Choma."

Mtoto alilia. Ni vizuri, nilisema, akilia.
Kilichobaki nilikimwaga mbele ya macho yake,
kwa sababu hakilali, kikilala kinaharibika,
naye akakitazama hadi tone la mwisho,
akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu wa Newala
anayeona kitu cha majimaji kikipotea.

Jioni, dozi ya pili, kichupa kipya.
Nilipogeuka kuchukua bomba nilimkuta
keshatangulia kwenye taa,
kidole juu,
ananisubiri tuanze moja.