Dawati la Darasa la Tatu

Penina Chidawali alipandishwa juu ya dawati
ili sisi wa nyuma tumwone.
Akasema elimu. Akasema haki:
binti aliyejifungua arudi darasani,
Nyemo asiyesikia apate mwalimu wa lugha ya alama,
mjane asinyang'anywe shamba la uwele
kwa karatasi aliyotia dole gumba bila kusomewa.

Vumbi la Kigwe likamjaa kinywani. Akatema, akaendelea.

Ndipo kijana mmoja, kaptula imetoboka, akauliza:
"Hilo dawati letu, la darasa la tatu,
mtarudisha lini?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.
Akashuka,
akafuta nyayo zake kwa khanga ya chama,
akashika upande mmoja.

Upande wa pili nilishika mimi.
Lilikuwa zito.
Kura yangu sikuitaja, wala hakuniuliza.