Ilaze Chini Kwanza

Usiniambie rangi, Loris. Rangi nimeiona.
Uliingia gerejini macho yamekutangulia,
yakaenda moja kwa moja kwenye ile nyekundu
yenye kiti kilichobinuka kama mkia wa nge.
Nzuri, sikatai.
Hata padri Callisto akija kubadilisha oili
huitazama kwa kuibia.

Haya, ipande.
Miguu iko wapi?
Vidole tu ndivyo vinavyogusa sakafu,
kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani.
Sasa fikiria taa za pale Nembro,
mvua ya Novemba, lori la mawe linakohoa nyuma yako,
na barabara imeinama kushoto, kidogo.
Hicho kidogo ndicho kinachoangusha watu.

Shuka. Njoo huku kwenye ya kijivu.
Ndiyo, tangi lina kovu.
Mwenyewe alikuwa mwalimu wa hesabu,
aliiangusha mara moja, kwenye maegesho, akiwa amesimama,
na mpaka leo akinisalimu hutazama viatu.
Weka nyayo. Zote mbili, kisigino mpaka kidole.
Unaona ulivyoshusha mabega?
Hii ukiishtua mkono, inakuuliza kwanza: una hakika?
Ile haiulizi.

Sasa ilaze chini.
Umenisikia. Taratibu, juu ya hili zulia kuukuu.
Uinue.
Si kwa kiuno! Utakuwa mzee kabla ya leseni.
Ipe mgongo, chuchumaa, nyonga kwenye kiti,
mkono mmoja usukanini, mwingine kwenye chuma cha nyuma,
sukuma kwa mapaja, rudi kinyumenyume,
hatua za kaa.
Ehe.
Tena.
Usichoweza kukiinua, mwanangu, hujakinunua,
kimekununua.

Bahasha ya nyanya yako ina yuro elfu tatu na mia mbili.
Nimezihesabu mara mbili, maana yeye huzihesabu tatu.
Elfu mbili na mia moja, ya kijivu, na nimeshabadilisha
tairi, mnyororo, na breki zake hazikabi gurudumu
hata kwenye majani mabichi.
Zinazobaki si za silensa ya kupigia kelele
dirishani kwa binti wa muuza mikate.
Ni za glavu. Za buti zinazofunika fundo la mguu.
Za koti, hata la Julai, hasa la Julai.
Na helmeti mpya: helmeti ni kama mswaki,
huazimi, hurithi.

Jumapili tutakwenda uwanja wa kiwanda kilichofungwa.
Nitapanga chupa za maji, na wewe utafunga breki
mpaka chupa zichoke.

Nini? Yangu ya kwanza?

Hukuuliza bei ya ile nyekundu.
Kila mtu huuliza bei, wewe uliuliza kasi.
Haina kibandiko, tazama vizuri.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na baba yangu
hakunikatalia kitu.
Nipe mkono wako. Gusa hapa, juu ya kifundo,
penye kitu kama kokoto.
Huu hauwezi kugeuza ufunguo asubuhi za baridi;
ndiyo maana mlango hunifungulia Battista.

Basi, usinitazame hivyo.
Nyanya yako yuko nje, anajifanya anasoma tangazo la minada.
Ilaze tena, upande wa kulia mara hii.
Upande wa kulia haukuzoei.