Subana

Cherehani yangu hapa Kibuye ikiruka mshono
naijua dawa yake: tone la mafuta, sindano mpya.
Moyo ukiruka, Nereah,
natega sikio tu, fundi asiye na bisibisi.

Daktari pale Russia alinichorea vyumba vinne.
Viwili vya juu, akasema, vinatetemeka
badala ya kusukuma;
damu ikizubaa humo huganda,
na donge likipanda kichwani...
Akaweka kalamu chini.

Sasa kidonge ni saa mbili usiku.
Osuga naipima kwa kiganja, haizidi, haipungui.
Mimi niliyejichoma sindano miaka thelathini nikicheka
nimenunua subana.

Jana ulikimbia, ukasita, ukapiga mara mbili kwa pupa.
Nilihesabu hadi nikachoka kuhesabu.

Asubuhi, sare kumi na moja za kupinda.