Hili Langu

Daejeon, saa tisa za usiku, Novemba.
Chai ya shayiri imepoa chupani.
Gyu-tae amelalia mkono, miwani imempanda kipajini,
na chombo chetu, kilomita mia juu ya mashimo,
kimechomoza upande wa pili wa Mwezi
kikamwaga tarakimu zake mezani kwangu.

Kilele cha potasiamu kimehama.
Jana kilikaa chaneli ya mia nne themanini na saba,
leo mia nne tisini na moja,
kama mpangaji aliyesogeza kitanda usiku
akidhani mwenye nyumba hatasikia.

Potasiamu haina miguu.
Miamba ile haijajongea
tangu ilipoacha kuwa uji wa moto.
Ni fuwele yetu iliyopigwa na baridi,
sasa inakuza kila inachokiona.
Basi zamu hii si ya kuupima Mwezi.
Ni ya kumpima mpimaji.

Nyani haoni kundule, husema watu.
Sisi tumelipa mabilioni ya woni
huyu wetu ajitazame.

Kabla hakijaruka, maabara, mlango ukiwa wazi
kwenye chumba cha kuta za madini ya risasi,
kulikuwa na kinundu kisichoelezeka.
Nikienda kula, kinapungua.
Nikirudi, kinanenepa.
Siku tatu tulifungua nyaya, tukafuta vumbi, tukalaumiana,
mpaka Gyu-tae akaandika kwa kalamu nyekundu daftarini:
*Hyang-suk, toka nje.*
Kumbe ni mimi. Damu yangu, misuli yangu,
viazi vitamu vya mchana ule,
vyote vikinong'ona mstari uleule wa Mwezi.

Mama aliuza dagaa wakavu sokoni Jungang.
Kwanza aliweka bakuli tupu kwenye mizani,
akamgeuzia mteja mshale auone:
"Hili langu."
Kisha akamimina samaki.
"Hawa wako."
Sijasikia somo la fizikia fupi kuliko hilo.

Ndiyo maana njiani, mbali na Dunia, mbali na Mwezi,
tulikiacha chombo siku kumi kisikilize utupu.
Hakikusikia utupu. Kilijisikia chenyewe:
alumini yake, betri zake,
mlio wa mwili unaopigwa na miale ya nyota zilizokufa.
Tukauandika wote. Bakuli.

Natuma amri: punguza volti mbili.
Chombo kinazama nyuma ya Mwezi
na kwa dakika arobaini na saba
hakuna wa kuniambia kama nimekosea.

Mizani ya Mama iko jikoni kwangu.
Mshale haurudi tena kwenye sifuri;
unasita kuliani, uzito wa punje tatu za mchele.
Fundi ni mimi. Sijaugusa.

Tarakimu zinarudi. Mia nne themanini na nane.
Gyu-tae anafumbua jicho moja:
"Ni Mwezi?"

Bado, namwambia. Hiyo moja ni sisi.