Wapangaji wa Ngisi

Saa nane usiku anazima gari,
anavaa viatu vya mpira vilivyokwishatoboka,
na Iwalani anaingia ghuba ya Maunalua,
maji magotini, taa kipajini,
mkononi wavu mdogo kama wa kudakia vipepeo.
Nyuma yake Oahu imelala vibaya:
hoteli hazifumbi macho,
barabara inakoroma.

Anamtafuta mmoja asiyetaka kutafutwa.

Ngisi, urefu wa kidole gumba,
mviringo kama kitumbua.
Mchana kutwa hujifukia mchangani,
akijitandika punje kwa punje kwa mikono yake
hata jua likimkanyaga lisijue limekanyaga nini.
Usiku hutoka. Na akitoka, huwaka.

Usidhani anawaka ili aonekane.
Hayo ni yetu.
Yeye hulipaka tumbo lake mwanga wa mwezi,
kwa kipimo; wingu likipita, hupunguza,
ili samaki mwenye meno, aliyelala chini akitazama juu,
aone mbingu tu, mbingu isiyo na doa,
isiyo na kivuli cha nyama.
Kuwaka ndiko kujificha kwake.

Na mwanga wenyewe si wake.

Alizaliwa giza. Chumba cha nuru tumboni
kilikuwa kitupu, mlango wazi,
na katika saa zake za kwanza, akivuta pumzi ya bahari,
vikapita vijidudu vya kila ukoo. Akavikataa.
Akavikataa, akavikataa,
mpaka wakabisha hodi wale wachache
anaowajua bila kufundishwa.
Karibuni. Akawapa pa kulala, akawapa chakula.
Bakteria mmoja hawaki; mmoja ni giza lenye subira.
Huzaana, husongamana, hunong'onezana,
na siku wanapojihesabu wakajikuta wengi
ndipo huwasha, wote,
na kodi huilipa kwa mwanga.

Sasa sikia kinachomkereketa Iwalani:
kila alfajiri ngisi huwatoa nje.
Si wawili, si watatu. Karibu wote.
Huwatema kama maji ya kusukutulia,
akabakiza kiasi cha mbegu,
kisha huyo, mchangani, usingizi.

Rogelio wa maabara humwambia hiyo ni hesabu tu,
nani alishe kazi ya usiku mchana kutwa?
Iwalani hucheka kwa pua.
Garini, chini ya chupa ya kahawa, ipo barua:
nyumba imeuzwa, siku arobaini na tano,
ahsante kwa miaka kumi na tisa.
Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka.
Huyu amesema. Kwa wino. Na sahihi akaweka.

Huyo!
Macho mawili ya dhahabu juu ya mchanga.
Wavu unashuka kama mtu anayemfunika mtoto shuka.
Ngisi naye anaandika barua yake,
kiwingu cheusi chenye umbo lake mwenyewe,
anakiacha kishikwe badala yake,
lakini Iwalani ameshazisoma nyingi za namna hiyo.
Ndooni.

Anazima taa amwone akiwaka.
Haoni kitu. Maji, na nyota ndani ya maji.
Anacheka tena, safari hii kwa mdomo.

Wanakaa ufukweni, yeye na ndoo,
hadi mlima wa Koko unapopata kingo.
Mle ndani, bila kelele, wameshatolewa:
maelfu kwa maelfu, hawaonekani, hawawaki,
kila mmoja amerudi kuwa mmoja.
Anamhamisha ngisi kwenye chombo cha maabara.
Maji ya ndoo angeyamwaga hapo hapo penye mawe,
kama siku zote.

Leo anarudi nayo mpaka magotini,
anaiinamisha polepole,
anaisuuza, anaisuuza tena.
Jioni, mahali fulani chini ya tumbawe,
yai litapasuka,
na chumba kitupu kitakuwa wazi.

Saa kumi na mbili na nusu.
Bado hajanunua maboksi.